Kabati la Mama Nsajigwa

"Usiisifu mashine kabla kabati halijafunguliwa." Mnacheka? Haya, chekeni, mkimaliza mnisikilize. Methali hii ilianza hivi, na mpumbavu wa hadithi ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa mtafiti wa saikolojia kule Mbeya, kijana, kiburi kimenijaa hadi kooni. Kliniki moja ilikuwa na washauri watatu tu wa kuwatembelea akina mama waliojifungua, wawatambue wenye sonona. Nikasema mashine itawapunguzia kazi. Nikaipa fomu mia nne za majibu ya akina mama, kila moja na uamuzi wa washauri: ana sonona, au yuko salama. Mashine ikajifunza. Nilipoiuliza fomu zile zile, ikapatia tisini na nane kwa mia. Loo! Siku hiyo sikushikika.

Ijumaa nikakutana na washauri na mganga mkuu wa kliniki kupitisha mpango wangu. Kuanzia Jumatatu, mama ambaye mashine imesema yuko salama asingetembelewa tena. Mganga mkuu alikwisha kushika kalamu atie sahihi, ndipo Mama Nsajigwa, mtunza mafaili, akasimama na funguo mkononi, akanigeukia.

"Dakta, kabatini kuna fomu sitini sikukupa."

Nikapandwa na hasira. "Mama, umenificha fomu?"

"Nimekuwekea, mwanangu. Mtoto ukimpa mtihani wa maswali uliyomjibia ubaoni, akifaulu utajuaje kama ameelewa? Iulize hizi. Majibu ya washauri ninayo mimi."

Kalamu ikawekwa chini. Nikaingiza fomu moja moja, yeye akisoma majibu. Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Nikaanza kutabasamu. Ya tano, mashine ikaandika: salama.

Mama Nsajigwa akasoma: ana sonona.

"Ya nani hiyo?" nikauliza.

"Ya Tusekile."

Tusekile tulimjua sote pale. Mshauri alipobisha hodi kwake, alimkuta ameshamkabidhi mtoto kwa jirani, anatoka kwenda kujitosa mtoni.

Tulipomaliza, kati ya akina mama ishirini wenye sonona, mashine ilikuwa imewatambua tisa. Niliona aibu, nikaogopa zaidi.

"Jumatatu bisheni hodi kila nyumba," nikawaambia washauri.

Wakabisha. Nyumba ya nne ilikuwa ya mama mpya, ambaye asubuhi hiyo mashine ilisema yuko salama. Alifungua mlango, akamwangukia mshauri kifuani, akalia hadi adhuhuri.

Basi chekeni sasa. Usiisifu mashine kabla kabati halijafunguliwa.