Mwanamke Aliyekataa Kutaja Zamu

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa bondeni, mji wenye ngano tamu na watu wenye maneno mengi, aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Bi Nusaiba. Marehemu mumewe alikuwa mwangalizi wa birika la wakfu lililonywesha mashamba yote ya mji. Alipofariki, watu walimkabidhi mkewe funguo, kwa kuwa waliujua uaminifu wake.

Watu hao walikuwa na desturi yao. Kila ulipoingia msimu wa kupanda, baada ya swala ya Ijumaa, mwangalizi husimama mlangoni pa msikiti akataja zamu, yaani kila shamba litafunguliwa maji mara ngapi mpaka mavuno. Akishataja, watu hukimbilia maghalani na kupanda mbegu zote siku hiyo hiyo. Kubakisha hata kibaba kulihesabiwa kuwa ni kumdhania Mola vibaya.

Miaka mitatu Bi Nusaiba alitaja zamu kama alivyokuwa akitaja mumewe. Lakini mvua hazikuwa zile tena. Mwaka huu huwahi zikabomoa kingo, mwaka ule huchelewa mpaka watu wakate tamaa. Kila aliposimama pale mlangoni moyo ulimsuta, kwani alijua anabahatisha, na watu wanapanda riziki ya watoto wao juu ya kubahatisha kwake.

Mwaka wa nne alisema waziwazi kwamba hana zamu ya kutaja. Aliwaomba wapande nusu tu ya mbegu, kiasi ambacho maji yaliyomo birikani yangekitosha hata kama mvua isingenyesha tena. Nusu ya pili waiweke mpaka maji yafunike ngazi ya tatu ya birika. Yasipoifunika, wapande dengu, zisizodai maji mengi.

Mkubwa wa wakulima, Sheikh Asadi, mtu mwema lakini mwepesi wa ghadhabu, alisimama.

"Bi Nusaiba, tawakali yako iko wapi?"

"Ipo, sheikh wangu," akajibu kwa upole. "Lakini mimi nimekabidhiwa birika, sikukabidhiwa mawingu."

Asadi akataka iwe sharti kwamba mavuno yakipungua, funguo zirudishwe mbele ya watu wote. Bi Nusaiba alikubali, ingawa ilimuuma. Alizipenda funguo zile kama alivyompenda aliyeziacha. Wakulima walimtii huku wakinung'unika. Asadi peke yake alipanda mbegu zake zote.

Wiki ya pili ikanyesha mvua nzuri, na shamba la Asadi likawa kijani tupu. Kila asubuhi alipita birikani, akamsalimia Bi Nusaiba salamu ndefu, kisha akazijulia hali na funguo. Bibi alicheka naye, akarudi nyumbani akalia juu ya mswala, akimwomba Mola ukweli wake usiwe sababu ya njaa ya watu. Hata hivyo, wakulima walipomshikilia awaache waimalize mbegu iliyobaki, aliwaonyesha ngazi ya tatu. Ilikuwa bado kavu.

Kisha mbingu zikafunga siku arobaini. Maji ya birika yaliitosha nusu iliyopandwa, ikasimama vizuri. Fungu la maji la Asadi liligawanywa juu ya ardhi mara mbili ya ile ya wenzake. Kila shina lilionja na hakuna lililokata kiu, yote yakanyauka. Watu walipoanza kuchambua dengu, mvua ikashuka siku tatu mfululizo, na ngazi ya tatu ikazama. Mji mzima ulikimbilia maghalani kwa vigelegele.

Asadi alikwenda kwa Bi Nusaiba na gunia tupu, kichwa chini. Bibi alilijaza kutoka katika mbegu yake mwenyewe, bila kumkumbusha neno.

"Niambie kweli," akasema Asadi. "Ulijuaje kwamba mvua itachelewa?"

"Sikujua. Ningejua, ningewatajia siku. Nilichokijua ni kwamba sijui, nikaona aibu kuwaficha."

Asadi akacheka mpaka machozi yakamtoka, akajitwika gunia akaenda kupanda, na habari ya funguo hakuitaja tena.

Ndugu zangu, kumtegemea Mola si kumpangia mvua zake. Ni kutunza alichotupa na kuzipokea kwa adabu siku atakayopenda kuzileta. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zisizoona haya kusema hatujui.