Mtamba Mmoja, Mikono Mitatu

Hapo zamani, wala si zamani sana maana wajukuu wa kuku wa siku zile bado wanataga, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwamsele. Watu wake wakarimu, jamani, wakarimu hata wa dawa! Ukinunua vidonge kumi ukapata nafuu kwa vinne, sita unamgawia jirani mwenye kikohozi. Ukimnyima, unaitwa bahili. Na kuku nao hawakunyimwa: mmoja akipiga chafya, banda zima linanyweshwa dawa.

Basi Tunu, mkamwana wa Bi Mwantumu, akajifungua mapacha kwa upasuaji. Siku ya nne kidonda kikavimba, homa ikapanda. Akachomwa dawa ya kwanza, homa iko pale pale. Akachomwa ya pili, iko pale pale! Mapacha wanalia, maziwa hakuna, na Tunu anakwenda huku tunamwona.

Nani kaingia wodini? Bi Mwantumu mwenyewe, mfugaji wa kuku mia tatu. Mama mkwe kuungama mbele ya mkamwana, mmewahi kuona? Aliungama, machozi yanamtiririka.

"Daktari, acha hizo! Ya kwanza naitia kwenye maji ya kuku kila wiki. Ya pili naitia wakikohoa. Na mwanangu huyu ndiye aliyekuwa akinisafishia banda. Vijidudu vyangu vimeshazizoea!"

Siku hiyo hiyo wanunuzi wa mayai wakamkimbia.

Mhando, mpimaji wa maabara, akachukua usaha, akavikuza vijidudu kwenye visahani, akavitegea dawa kumi na mbili. Siku mbili hakwenda kwake. Akachungulia: dawa ya kwanza, vinastawi. Ya tano, vinastawi. Ya kumi na moja, vinastawi! Ya kumi na mbili... vimekufa! Mhando akatoka mbio, kandambili mguu mmoja. "Ipo! Ipo moja!"

Ipo, lakini wapi? Hospitalini imekwisha. Kasha moja tu limebaki dukani kwa Semboja, muuza dawa. Na wiki iliyopita tajiri mmoja alilitaka kwa ajili ya kuku wake.

"Cheti cha daktari kiko wapi?" Semboja alimuuliza.

"Cheti cha kuku?"

"Bila cheti hutoki nalo."

Semboja alitukanwa, duka likasusiwa, kasha likabaki. Tunu akachomwa sindano ile, na siku ya tatu akaomba uji. Uji! Kijiji kizima kikapiga vigelegele.

Mwaka huo serikali ilikuwa ikihimiza nchi nzima, hospitalini na mazizini, watu wasizichezee dawa zikaisha nguvu. Kusikia habari ya Tunu, ikaleta zawadi uwanjani: mtamba wa ng'ombe, mweusi mwenye baka jeupe. Sharti: hauzwi, hachinjwi, hana ubia. Tunu ashike kamba, amkabidhi mtu mmoja tu aliyemwokoa.

Bi Mwantumu akawahi. "Nisingesema, wangeendelea kukuchoma maji matupu. Nimejivua nguo hadharani kwa ajili yako!"

Semboja akadakia. "Wewe? Si ndiwe uliyevifundisha vijidudu ukaidi?"

"Na unga wa dawa ya kuku nilinunua kwa nani, Semboja? Si kwako, kwa kijiko, bila cheti?"

Semboja akainamisha kichwa. "Nilikosa. Ndiyo maana safari hii nilikataa. Ningeuza kasha lile, leo tungekuwa matangani."

Mhando akacheka. "Mimi sikuuza wala sikunywesha kuku. Bila macho yangu, nani angejua kasha lipi?"

Tunu akamgeukia. "Kaka Mhando, vijidudu hivi hukuwahi kuviona kabla yangu?"

Mhando akaacha kucheka. "Niliviona mwaka jana, kwa kuku wa sokoni. Nikaandika, nikatia karatasi kwenye droo. Hakuna aliyeniuliza."

Mara mtamba akakohoa! Wote watatu wakapiga kelele kwa pamoja: "Asipewe dawa! Apimwe kwanza!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Tunu hakucheka. Pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani, kamba mkononi. "Mama, Baba Semboja, kaka Mhando," akasema, "nyie watatu mlinichimbia shimo, na nyie watatu mkanitoa. Nimpe nani?"

Haya, mliokaa hapa, msinitazame mimi! Mtamba anavuta, kamba inamkata Tunu kiganja. Je, nani alistahili?