Noti Mbovu ya Chausiku

Chausiku alikuwa keshia kwenye duka la Bosi Mbwilo, tajiri mwenye roho nzuri sana: ukibadilisha hela ya kwenye droo na ya kwako, kazi huna. Siku hiyo bibi mmoja akanunua kiberiti kwa noti ya mia ya zamani, safi kama imepigwa pasi. Chausiku akaikodolea macho, maana wako watu wanaokusanya hela za zamani na wanalipa vizuri. Akamfuata bosi, uso umemshuka.

"Bosi, nimepigwa. Noti hii haitumiki tena."

"Macho umeyaacha kwa mama yako? Si unajua hela mbovu keshia analipa?"

"Nisamehe bosi, ni mia tu!"

"Hata ingekuwa kumi! Weka mia yako, na takataka yako ondoka nayo."

"Basi niandikie, nisije kukatwa tena mwisho wa mwezi."

Bosi, mkarimu kama kawaida yake, akaandika, akagonga na muhuri.

Jumamosi akamkuta Chausiku anampa mkusanyaji ile noti, anapokea laki mbili.

"Mwizi wewe! Hiyo imetoka kwenye droo yangu!"

Chausiku akakunjua karatasi. "Soma bosi, mwandiko wako wenyewe: 'Takataka hii ni mali ya Chausiku.'"