Kidole Kimoja kwenye Mtungi wa Mabaki

Hapo zamani, kando ya ziwa, wanawake watatu walifinyanga vyungu nyumbani kwa Bibi Syabumi: Atupele, Tumpe na Sekela. Bibi alikuwa ameshazeeka, mikono inamtetemeka. Siku moja akawaambia, "Wanangu, moto umenichosha. Atakayestahili kutia alama ya kidole chake, alama ya mfinyanzi, kwenye mtungi wa kwanza wa msimu huu, huyo ndiye nitakayemwachia tanuri langu."

Atupele alilitaka tanuri lile kuliko kitu chochote, wala hakuona haya.

Basi mvua ikanyesha, ziwa likafurika, likameza machimbo yote ya udongo. Tumpe na Sekela wakashika tama. Atupele akacheka. Akawapeleka nyuma ya nyumba, akafunua rundo. Miaka yote, kila jioni, alikuwa akifagia mabaki: makombo ya udongo, midomo ya mitungi iliyokatwa, vyungu vilivyopasuka kabla ya kuonja moto. Wenzake walimwita Mama Jalala.

Akamwagia rundo maji kwa madaha. Udongo ukagoma! Nje tope, ndani mabonge.

"Dada, umeuloweka ungali na unyevu," Tumpe akamwambia. "Hauwezi kunywa maji. Uanikwe kwanza, ukauke kabisa." Tumpe akauanika, akauponda, akauloweka, nao ukalainika wenyewe. Akachuja mawe, akakanda mpaka ukatulia mkononi.

Atupele akajaribu kufinyanga, bega la mtungi likaanguka. Tumpe akajaribu, bega likaanguka. Sekela akaja bila haraka. Akajenga chini, akasubiri pakauke kidogo, akapandisha. Akasubiri tena, akapandisha tena. Mtungi ukasimama, mkubwa, mzuri, watu wakaja kuutazama.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Kidole ni changu," alisema Atupele. "Mlinicheka, nikafagia. Bila mimi mngefinyanga maji ya ziwa!"

"Ulikuwa na taka, dada yangu," alisema Tumpe. "Mimi ndiye niliyezigeuza udongo. Kidole ni changu."

"Udongo mlikuwa nao, sawa. Mtungi je, mlikuwa nao?" alisema Sekela. "Tena hayo mabaki, Dada Atupele, mengi yalidondoka mikononi mwangu. Kidole ni changu."

Neno hilo lilimchoma Atupele, maana lilikuwa kweli. Lakini hakurudi nyuma. "Yalidondoka, ukayakanyaga, ukaenda zako. Nani aliinama kuyaokota?"

Bibi Syabumi akapapasa shingo ya mtungi. "Wanangu, mnasema na udongo unakauka. Hapa bado panaingia kidole kimoja. Kimoja tu."

Wote watatu wakanyoosha vidole. Bibi akawatazama, akawageukia watu waliojaa mlangoni waamue wao.

Nami nawageukia ninyi mliokaa hapa. Aliyeokota, aliyefufua, au aliyesimamisha? Semeni upesi, shingo inakauka: je, ni nani aliyestahili kutia kidole?