Mswada wa Kindi na Miguu Mitatu

Hapo zamani za kale, na wewe uliye nyuma acha kutafuna muwa maana sisikii ninachosema, wanyama walikuwa na nyumba zao, majiko yao na majirani wa kuwasengenya. Fisi alifuga kuku. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Katika kijiji kimoja kando ya mto aliishi Kindi. Mwili mdogo kama mwiko, mkia mrefu kuliko yeye, na utulivu hakujaliwa hata kidogo. Akipika, huku anafagia. Akifagia, huku anaongea. Na katikati ya kupika, kufagia na kuongea, alikuwa anaandika riwaya.

Aliiandika miaka miwili. Ilikuwa hadithi ya Binti Paa aliyevuka mbuga peke yake kumtafuta mchumba wake, ikaishia kwa harusi kubwa. Siku alipoweka nukta ya mwisho aliufunga mswada wake kwa ukindu, akapiga fundo lake mwenyewe, fundo dogo la vidole vya kindi ambalo mnyama mwingine hawezi kulifunga. Kisha akaanza kuhangaika.

Kwanza alimpelekea dada yake.

"Dada, nisomee hii. Uniambie kweli tupu."

Dada mtu alikuwa anasonga ugali, pwachu, pwachu, jasho linamtiririka. "Nzuri, mdogo wangu. Nzuri sana."

"Hata hujaifungua."

"Nakujua wewe. Huwezi kuandika kitu kibaya."

Kindi akauchukua mswada akaondoka. Njiani akakutana na Kunguru, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba akijiita mchapishaji.

"Nitakuchapia kesho asubuhi," Kunguru akamwambia. "Wewe lete karatasi, lete wino, tafuta na wa kukuuzia. Mimi nitaleta jina langu."

"Na hilo jina lako litafanya kazi gani?"

Kunguru akajikuna shingo, akaruka zake.

Basi ikabaki njia moja. Kiwanda cha kuchapa vitabu kilikuwa kimoja tu, mali ya Mzee Kiboko, nacho kilijengwa palepale ukingoni mwa mto. Na sheria ya nchi ilisema kitabu hakichapwi mpaka kisomwe na wakubwa watatu: Mzee Kiboko mwenyewe, Mzee Tembo na Mzee Nyati. Akimaliza kusoma na kuridhika, mkubwa anachovya mguu kwenye wino, anaukandamiza kwenye ukurasa wa mwisho, puu. Wenyewe waliita kutia mguu.

Tena sikilizeni hapa. Katika nchi ile, kutia mguu kilikuwa kiapo. Ukishautia mguu wako chini ya karatasi, kila neno lililo juu yake limekufunga. Mfalme Simba hakuwa na mzaha kabisa na jambo hilo.

Kindi akaupeleka mswada kwa Kiboko. Kiboko akaulaza kando, akamwambia asubiri. Akasubiri. Mvua za masika zikaja, mto ukafurika, kiwanda kikafungwa kama kila mwaka. Mvua zikaisha. Mswada ukapelekwa kwa Tembo. Masika mengine yakaja. Ukaenda kwa Nyati. Masika ya tatu.

Nyinyi mnaona miaka mitatu si kitu. Tembo naye aliona si kitu, kwa sababu tembo anaishi mpaka anachoka. Lakini kindi haishi miaka ya tembo. Tembo akisema subiri kidogo, kindi anaota mvi. Kindi alikuwa hali akashiba, halali akalala, anashika mkia wake anauachia, anaushika tena. Alichotaka ni kimoja: kukiona kitabu chake kabla hajafa. Na alianza kuogopa kwamba hatakiona.

Masika ya nne yalipokaribia, wakubwa wakamwita.

"Kirefu mno," akasema Kiboko, maji yamemfika puani. "Na yule mzee wa mwanzoni ni mkali sana. Mfanye mpole."

Mwanzoni mwa kitabu chake hapakuwa na mzee yeyote.

"Kifupi mno," akasema Nyati. "Ndiyo kwanza mtu anaingia utamu, kimekwisha."

"Mwisho umeniliza," akasema Tembo, akijifuta jicho kwa sikio. "Vile vifo. Punguza vifo."

"Vifo vya harusini, mzee?"

"Hivyo hivyo. Harusi isiwe na msiba."

Wakamrudishia mswada wake hawakuutia mguu. Kindi akaugeuza, akaangalia ule ukindu. Fundo lilikuwa lake. Lilikuwa vilevile alivyolifunga mwenyewe, halijaguswa, na juu yake buibui ameshajenga.

Hasira zilimpanda mpaka mkia ukasimama wima. Miaka mitatu. Watu wazima wenye heshima zao, wanamlilia vifo vya kitabu ambacho hawakukifungua. Angewaambia nini? Mmoja wao akipiga chafya tu, kindi anaokotwa kijiji cha pili.

"Nimewaelewa wazee wangu," akasema kwa adabu. "Nakwenda kurekebisha."

Akaenda nyumbani akafunga mlango. Hakurekebisha hata neno. Aliandika kurasa mbili mpya tu. Wa kwanza aliuweka mwanzo kabisa, kwa herufi kubwa za kupendeza: SHUKRANI ZANGU KWA WALIMU WANGU WATATU, MZEE KIBOKO, MZEE TEMBO NA MZEE NYATI, AMBAO BILA WAO KITABU HIKI KISINGEKUWEPO. Wa pili aliuchomeka katikati, baada ya sura ya saba. Akafunga kwa fundo lake, akatoka mbio.

Siku zilikuwa zimebaki chache kabla mto haujafurika na kiwanda kufungwa. Mawingu ya masika yalikuwa yanajikusanya upande wa milima.

"Umerudi?" Kiboko akashangaa.

"Nimefanya yote, mzee. Nimepunguza. Yule mzee mkali sasa anasalimia mpaka watoto. Lakini nilikuwa na ombi moja, uniangalizie kama ukurasa wa kwanza nimekosea heshima."

Hapo ndipo alipompaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kiboko akafungua ukurasa wa kwanza. Akalitafuta jina lake kwa kidole, akalikuta. Akalisoma. Akalisoma tena, kwa sauti. Akamwita mkewe aje naye alisome.

"Hapa umekomaa," akasema. "Hapa sasa umekuwa mwandishi." Akachovya mguu, puu.

Kwa Tembo ikawa hivyo hivyo.

"Mbona Kiboko ametangulizwa?" Tembo akauliza.

"Kwa sababu ya mdomo, mzee. Wewe umewekwa katikati, mahali pa mgeni rasmi."

Tembo akaridhika. Puu. Nyati alipoona wenzake wametia hakutaka hata kuuliza. Aliangalia kama jina lake limeandikwa vizuri, akakanyaga. Puu.

Siku ya pili yake ilikuwa siku ya baraza. Mfalme Simba amekaa, wanyama wamejaa, wakubwa watatu wako mbele kwenye viti vyao. Kindi akapanda juu ya meza, miguu haitulii, tiki-tiki-tiki.

"Mfalme wangu, mswada wangu umetiwa mguu na wazee wote watatu. Nimekuja kuomba wathibitishe kwamba wameusoma."

"Mmeusoma?" Simba akauliza.

"Neno kwa neno," akasema Kiboko.

"Mpaka macho yameuma," akasema Tembo.

Nyati akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli.

"Basi naomba nisome ukurasa mmoja, ule baada ya sura ya saba." Kindi akakohoa kidogo. "Sisi tuliotia miguu yetu tunaahidi mbele ya mfalme kwamba kitabu hiki kitachapwa nakala mia tatu, na kazi itaanza mara moja. Mimi Tembo nitazungusha gurudumu la mtambo kwa mkonga wangu. Mimi Nyati nitavuta mkokoteni wa vitabu mpaka kijiji cha mwisho. Na mimi Kiboko sitaingia mtoni mpaka nakala ya mia tatu itoke."

Huko nyuma mtu akaanza kucheka, akafuatwa na mwingine, baraza zima likaangua kicheko.

"Huo ukurasa sikuuona," Kiboko akasema polepole.

"Si umesoma neno kwa neno?" Simba akauliza.

Tembo akawa anaangalia juu ya miti. Kiboko angesema hakusoma, amemdanganya mfalme. Angesema alisoma, basi alijua alichoahidi.

"Mguu ni mguu," akasema Simba. "Mtambo uanze kesho kutwa. Na leo, kwa kuwa kumbe hakuna aliyekisoma hiki kitabu, tutakisikia hapa hapa. Kindi, soma."

Hilo Kindi hakulipanga, lakini alijisikia yuko mbinguni. Alisoma mchana ule, na siku ya pili tangu jua lilipochomoza. Alisoma haraka, akirukaruka mezani, na wanyama walisahau kwenda shamba. Binti Paa alipovuka mto wenye mamba, Mamba mwenyewe aliomba radhi. Kiboko alikuwa amekaa juani na ngozi inamkauka, anamwagiwa maji kwa kata, lakini naye masikio aliyatega.

Jioni ya siku ya pili wakafika harusini. Ngoma, pilau, vigelegele. Mjomba Ngiri, mjomba wa bibi harusi, anasimama na sinia lake kutoa nasaha.

Bi Kanga, muuza maandazi, akanyanyua bawa.

"Samahani mwanangu. Huyu Mjomba Ngiri si ndiye tuliyemzika sura ya tatu?"

Kindi akarudisha kurasa nyuma, kwaru, kwaru, kwaru. Sura ya tatu hii hapa. Mjomba Ngiri amekufa kwa homa, amelazwa kaburini, mkewe ameshakaa eda. Na sura ya ishirini huyu hapa, mkono kwenye pilau.

Masikio ya Kindi yakawaka moto. Kwa miaka mitatu alikuwa amekibeba kitabu hiki mlango kwa mlango, amewalilia watu wakisome, amewategea mtego wazee wa watu. Na yeye mwenyewe, kwa haraka zake, tangu aweke nukta ya mwisho hakuwahi kukaa chini akakisoma mwanzo mpaka mwisho.

"Mwache ale," Kiboko akasema kwa pupa, maana mto alikuwa anauona. "Mtu akifufuka harusini kuna ubaya gani? Wasomaji hawataona. Karatasi ziko tayari, Kindi. Sema tu nichape, kesho asubuhi naanza, kabla mvua haijanyesha."

Tone la kwanza la mvua likaanguka mezani, ta. Kila mmoja akamwangalia Kindi. Alichokililia miaka yote kilikuwa mkononi mwake, na mkubwa ndiye aliyekuwa anamwomba. Masika mengine yakipita, nani ajuaye kama kindi atayaona yajayo?

Alilia kidogo, sitawaficha.

"Nilisema hawa wazee watatu hawakusoma," akasema. "Nilikosea hesabu. Tulikuwa wanne."

Akamgeukia Kiboko. "Usichape. Nenda kaoge, mzee, nimekufungulia. Nitakuita mvua zikikatika."

Kiboko hakungoja kuambiwa mara mbili. Chubwi.

Halafu Kindi, ambaye tangu azaliwe hakuna aliyemwona ametulia, alishuka mezani akamfuata Bi Kanga chini ya turubai la maandazi yake. Akavuta kigoda akakaa. Akaushika mkia wake kwa mikono miwili usimsumbue.

"Enhe, Bi Kanga," akasema. "Na wapi tena?"

"Niseme kweli? Usije ukanikasirikia bure."

"Sema."

"Sura ya tano, mwanangu, nilisinzia."

Kindi akatoa kalamu nyuma ya sikio. "Tuanze hapo," akasema, na mvua ikafunguka.

Hadithi yangu imeishia kwenye mvua hiyo hiyo, na funzo lake nalisema mara moja tu: anayelilia kusomwa, ajisome kwanza mwenyewe, kisha amshukuru wa kwanza atakayemwonyesha alipokosea.