Hotuba ya Shimoni

Kisa? Kije! Kije mbio? Kije polepole, kisimwage maji!

Zamani, watoto, mwezi ulipokuwa bado unaazima mwanga kwa majirani, palikuwa na mji wa Magadini. Kisima kimoja tu, maji yake machungu, lakini maji. Alikichimba marehemu mume wa Bi Nyamvula mpaka mgongo ukapinda.

Akaja Shekue, mtaka utawala. Watoto, yule bwana alijua kusema! Hana maiki, hana fulana za bure. Akisema "mto," unasikia miguu inalowa. Akisema "samaki," paka wanakuja. Wallahi, paka walikuja!

"Ndugu zangu, mto utaletwa! Utaletwa hadi mlangoni! Ila mto una heshima zake, hauingii mji wenye shimo la maji machungu. Fukieni!"

Bi Nyamvula alikuja kubisha, matusi tayari mdomoni. "Mume wangu alikichimba..."

"Alichimba, mama, kwa sababu alikuota ukinywa maji matamu. Nani atamalizia ndoto yake?"

Imagine! Yeye mwenyewe, machozi yakimtoka, ndiye aliyemwaga kapu la kwanza la udongo. Na vigelegele juu. Msicheke, ninyi wenye digrii. Mngebeba makapu mawili mawili.

Kisima kikafukiwa. Mto? Mto ulikaa kwao. Midomo ikapasuka, mbuzi wakalala wasiamke, mjukuu wa Bi Nyamvula akawa analamba mtungi mkavu.

Shekue akarudi na hotuba mpya. Watu wakaokota mawe. "Ndugu zangu..." akaanza tu, mawe yakadondoka mikononi. Bi Nyamvula akausikia moyo wake unalegea, tamu, tamu kama siku ile. Akajua akingoja kidogo amekwisha. Akamtupia jembe.

"Sema, baba. Hakuna asemaye kama wewe. Ila semea shimoni, pale tulipofukia kisima."

"Shimoni, mama?"

"Shimoni. Ukiacha kuchimba, tunaziba masikio. Na mawe yapo."

Akashuka kidogo kidogo. Akahutubia, akachimba, akahutubia, akachimba. Na sauti ile ikitoka chini, watoto, ilikuwa tamu kuliko juu! Watu wakavuta makapu wakiimba.

"Maji yataletwa!"

"Na nani?" akauliza Bi Nyamvula kutoka juu.

Jembe likalia. "Na... mimi, mama."

Maji yakamfika magotini. Machungu yale yale. Mjukuu akanywa, akakunja uso, akaomba tena.

Basi msemaji mzuri mpendeni, mpigieni makofi, hata mimi nampigia. Lakini kwanza tazameni mikono yake imeshika nini. Fulu stopu.

Kisa kimefika chini, kamba naivuta. Mwenye kiu achote.