Hoteli Mbili na Kadi Iliyobandikwa Picha

Wapendwa, fungeni Biblia kidogo, lakini muache kidole mahali tulipoishia, tutarudi. Nataka niwapeleke hotelini. Msipapase mifuko, leo nalipa mimi.

Kulikuwa na mji mmoja, siutaji kwa sababu wenyeji wake wawili wamekaa humu ndani na watanirekebisha. Katika mji huo kulikuwa na hoteli mbili za kifahari, zinatazamana, barabara imepita katikati. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini kuhusu hoteli hizo niulizeni chochote. Ya kulia ilikuwa na bwawa la kuogelea juu kabisa, ghorofa ya kumi na tano. Ya kushoto ilikuwa na lifti ya vioo, unapanda huku mji mzima unakuhesabia matundu ya soksi. Hii ikiweka zulia, ile inaweka zulia na kinanda.

Kila hoteli ilikuwa na mlinzi wake getini. Mchana, magari yakipungua, walinzi hawa wawili walikutana kwa mama ntilie mmoja pale kona, wakala maharage ya sufuria moja, wakabishana.

"Kwetu kitanda ni cha watu wanne, analala mmoja," anasema wa kulia.

"Na hayo maji yote kichwani, usingizi mnaupata?" anajibu wa kushoto.

Mwaka mmoja hoteli ya kulia ikatimiza miaka ishirini. Bosi akawapa wafanyakazi wote, hadi walinzi, kadi yenye maandishi ya dhahabu: mwenye kadi hii na mgeni wake walale ndani siku moja, wanywe na chai ya asubuhi. Wa kushoto kusikia hivyo, wiki haijaisha nao wakagawa zao. Wale hawakubali kushindwa.

Mlinzi wa kushoto, Ijumaa ya wiki ileile, akamchukua mkewe wakaingia. Dada wa mapokezi akapokea kadi, akaitia kwenye droo, akawapa ufunguo. Asubuhi wakanywa chai, wakatoka. Basi.

Wa kulia je? Alisema, "Kadi kama hii si ya kutumia ovyo." Akaipeleka stesheneri ikapigwe laminesheni. Na ili mtu asije akasema ameiokota, kwanza akabandika nyuma yake picha yake ya pasipoti, amevaa tai ya kuazima. Akaitundika shingoni. Tangu siku hiyo, kwa mama ntilie hapakukalika.

"Yako iko wapi?"

"Niliiacha mapokezi, ndugu yangu. Mimi na mama watoto tulilala."

"Ulilala! Ushahidi uko wapi?"

"Shuka lao limechomekwa chini ya godoro pande zote, linabana kama bahasha. Nilihangaika kutafuta pa kuingilia mpaka mke wangu akanicheka."

"Muongo wewe! Hoteli ya kifahari iwe na shuka la kubana watu? Mama ntilie, msikie huyu. Kadi hana, anatuletea habari za bahasha!"

Watu wakacheka. Mwenye kadi akashinda. Alishinda hivyo miaka sita.

Sasa, huyu mwenye kadi alikuwa na mama yake kijijini, na kila akimpigia simu alimwambia, "Mama, siku ukija utalala kwetu. Godoro lile unazama mpaka masikio." Mama naye, mama ni mama, akawatangazia kwaya nzima. Siku moja alasiri akafika getini, magoti yamevimba kwa safari ya basi, kikapuni ana jogoo, na kwapani kanga mpya aliyoinunua kwa ajili ya kulalia hotelini.

"Mwanangu, nimekuja kulala kwenu. Wenzangu wananisubiri nikawasimulie."

Mlinzi akavuta pumzi, akamshika mkono mama yake, na kwa mara ya kwanza akapita mlango wa mbele wa hoteli anayoilinda.

"Shikamoo bibi. Shikamoo baba," akasema dada wa mapokezi.

"Marahaba. Leo tunalala." Akaivua kadi shingoni, akaiweka mezani.

Dada akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaiinua kwenye mwanga. "Baba, hapa nyuma palikuwa na maandishi. Picha imekaa juu yake." Akachukua mkasi, akakata laminesheni, akaibandua picha polepole kwa ukucha. Chini ya uso, usawa wa kidevu, palikuwa na herufi ndogo: Itumike ndani ya siku tisini.

"Jina lako niliandika mwenyewe kwenye daftari la wageni, baba," akasema yule dada. "Siku tisini zote tulikuwa tunakusubiri. Nikadhani labda hukutaka kulala."

Mama akaiokota ile picha, akaifuta gundi kwa kanga yake mpya, akaitazama.

"Tai imekupendeza, mwanangu." Kisha akanyanyua kikapu chake.

Nje, mlinzi wa kushoto akavuka barabara kumpokea mzigo. Mama akamuuliza, "Na wewe baba, kwenu ulishawahi kulala?"

"Nililala, mama. Shuka linabana kama bahasha."

Safari hii mwenzake hakucheka.

Mnacheka ninyi? Chekeni, lakini taratibu. Jumapili iliyopita, hapo nje, nimewasikia watu wawili wa humu ndani wakibishana na majirani zetu wa kanisa la ng'ambo. Kwetu kwaya ina sare tatu! Kwenu mnabatizwa kwa maji ya kijiko! Haya. Sisi wenyewe tulishaingia tukalala? Shuka linavyobana tunalijua? Maana kumsamehe shemeji yako kunabana. Kumwomba mkeo radhi mbele ya watoto kunabana. Aliyeingia utamjua kwa hayo. Cha kutuonyesha hana, kadi yake aliiacha mapokezi.

Wangapi hapa cheti chao cha ubatizo kimepigwa laminesheni? Nyosheni mikono, msiogope, wangu umeshatangulia. Mimi changu kiko sebuleni, kwenye fremu, na kwenye kona ya ile fremu nimechomeka picha yangu. Nikitoka hapa naenda kuichomoa, nisome kilichoandikwa chini yake. Nendeni na ninyi mkasome.